UZI: Newala mvua inanyesha, maji yanakwenda wapi? Tupige hesabu mwezi kwa mwezi

Mkorosho

Wakuu, heshima kwenu. Naomba wanaoijua hesabu ya maji tulijadili hili kwa namba.

Uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, kuanzia Newala hadi Tandahimba, hupata mvua isiyo mbali na milimita 1,000 kwa mwaka. Dodoma hupata karibu 600 tu. Lakini juu ya uwanda hakuna mto wala kijito, kisima kifupi hakitoi kitu, na tangu enzi watu huteremka bondeni kuteka na kupandisha mlima na ndoo kichwani. Maelezo yanayozunguka ni matatu: mikorosho inayanywa, yanakimbilia Ruvuma, jua linayamaliza. Kila moja husemwa kwa uhakika uleule. Lipi ni kweli, na kwa kiasi gani?

Nachingwea1

Jibu ni jua, mkuu. Chukua mvua ya mwaka 1,000, kisha uliza hewa ya huku ina uwezo wa kuvukiza kiasi gani kwa mwaka. Ukiwa na beseni la maji wazi utaona ni zaidi ya 1,500. Toa 1,500 kwenye 1,000 unapata hasi. Hakuna kinachobaki cha kwenda chini.

KipimaMvua

Ndugu Nachingwea1, hesabu hiyo ndiyo inayowapoteza wengi, na ingekuwa sahihi pasingekuwa na chemchemi hata moja chini ya uwanda. Kosa lake ni kutoa mwaka kwa mwaka. Jua la Oktoba haliwezi kuvukiza mvua ya Machi ikiwa mvua hiyo ilishazama mita 10 chini miezi saba iliyopita.

Tuanze na kipimo ili tuelewane. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwenye hekta ni lita 10,000. Kwenye kilomita ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Ukishika hapo, mengine yote ni daftari la duka: kilichoingia lazima kilingane na kilichotoka pamoja na kilichobaki ghalani. Mvua = mvukizo (wa udongo na wa majani) + maji yanayotoka eneoni, juu au chini ya ardhi + badiliko la akiba.

Daftari lifunguliwe Novemba, kwa sababu hapo ghala la udongo liko tupu kabisa baada ya kiangazi. Ukifungua Januari unaanza na akiba usiyoijua.

Namba zifuatazo ni za mfano, nimezipanga zifanane na msimu wetu wenye mvua moja ndefu. Si rekodi ya kituo chochote. Ya kwanza ni mvua, ya pili ni kiasi ambacho hewa ingevukiza kama maji yangekuwepo muda wote (nitaiita kiu ya hewa).

Nov 50 / 160
Des 170 / 150
Jan 200 / 140
Feb 160 / 125
Mac 210 / 130
Apr 130 / 115
Mei 30 / 110
Jun 5 / 100
Jul 5 / 105
Ago 5 / 120
Sep 10 / 135
Okt 20 / 155

Mvua jumla 995, kiu jumla 1,545. Sasa chukua udongo wa kichanga wenye mizizi mifupi, mihogo na majani, unaoweza kushika milimita 100. Novemba mvua yote 50 inanywewa na hewa, ghala bado tupu. Desemba inabaki 20, inaingia ghalani. Januari inaongezeka 60, ghala lina 80. Februari inabaki 35 lakini nafasi ni ya 20 tu, kwa hiyo 15 zinamwagika. Machi ghala limejaa, zote 80 zinamwagika. Aprili 15. Mei mvua ni 30 na kiu 110, mimea inatoa 80 ghalani, zinabaki 20. Juni hizo 20 zinakwisha. Kuanzia hapo kila tone linalonyesha linarudi hewani.

Jumlisha: mvukizo halisi ni 885, ziada ni 110. 885 na 110 ni 995, daftari limefunga. Kwa hiyo jua linachukua karibu asilimia 89, umekaribia ukweli, ila hizo asilimia 11 ndizo zinazotupa visima, chemchemi na mito ya Kusini. Milimita 110 kwenye kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 110,000 kwa mwaka, sawa na kama 300 kwa siku.

Nachingwea1

Nimekubali, kosa ni langu. Swali: hiyo ziada, kwenye uwanda inamwagika wapi? Kwetu Nachingwea ikimwagika unaiona korongoni.

Lukuledi_Chini

Hapo udongo ndio unaoamua. Mwaga ndoo ya lita 20 kwenye mchanga mwekundu wa uwanda wakati wa kiangazi: duara la maji linatanuka kidogo, linatoa vipovu, linanywea, na kabla hujaiweka ndoo chini umebaki unyevu tu wenye alama ya povu pembeni. Mwaga ndoo hiyohiyo kwenye mbuga ya udongo mweusi wa mfinyanzi uliokwisha lowa na kufunga nyufa, utaondoka na kurudi maji yapo. Mchanga hunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa, mfinyanzi uliolowa 1 hadi 5. Mvua ya milimita 25 kwa saa ikinyesha Tandahimba inazama yote, ikinyesha kwenye mfinyanzi milimita 20 au zaidi zinakimbia juu kuelekea korongoni.

Ndiyo sababu uwanda hauna mito. Tabaka la mchanga na mawemchanga ni nene, maji hushuka hadi yakutane na tabaka lisilopitisha, kisha husafiri kwa ubavu na kutokea miguuni mwa mteremko. Ukifuata miguu ya uwanda utakuta chemchemi na mabonde yenye unyevu. Mradi wa maji Makonde huchota bondeni Mitema kwa sababu hiyo, na kuyasukuma juu.

Gharama ya kusukuma inaonyesha ukubwa wa tatizo. Kuinua mita 1 ya ujazo kwenda juu mita 400 ni karibu uniti 1.1 za umeme kama pampu ingekuwa kamilifu. Pampu na mota pamoja zikifanya kazi kwa asilimia 60 inakuwa uniti 1.8, bado hujahesabu msuguano wa bomba. Ukivujisha ndoo juu Newala, umevujisha na umeme ndani yake.

Mwalimu_Jografia

KipimaMvua, mfano wako nimeuelewa vizuri, lakini umechagua mizizi mifupi. Uwanda umejaa mikorosho. Mchanga hushika milimita 60 hadi 80 zinazopatikana kwa mmea katika kila mita ya kina. Mkorosho wenye mizizi ya mita 3 na zaidi una ghala la 200 hadi 250. Nimerudia hesabu yako kwa 250: Desemba 20, Januari 80, Februari 115, Machi 195, Aprili 210. Ghala halijai. Ziada ni sifuri. Je, wanaosema mikorosho inakunywa yote wana haki?

KipimaMvua

Mwalimu, hilo ndilo swali gumu la uzi huu. Hesabu yako haina kosa. Ina mambo matatu yanayokosekana.

La kwanza dogo: shamba si mti tupu. Mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12 ni kama miti 69 kwa hekta, na kati yake kuna mihogo, mbaazi au udongo mtupu. Kipande cha ghala la 250 na kipande cha ghala la 100 viko kwenye hekta ileile.

La pili: maji hayashuki kama sahani iliyolala. Kuna njia za mizizi iliyooza, mashimo ya mchwa, na sehemu ambazo maji hukusanyika kwanza. Sehemu ya mvua kubwa hupita ghala bila kuligusa.

La tatu ndilo zito: mwaka wa wastani si wastani wa miaka. Chukua ghala lako la 250 na uongeze milimita 100 kwa kila mwezi wa Januari, Februari na Machi. Mvua inakuwa 1,295, ongezeko la asilimia 30. Januari ghala lina 180, Februari linajaa na kumwaga 65, Machi linamwaga 180, Aprili 15. Ziada 260. Kutoka sifuri hadi 260! Chini ya miti yenye mizizi mirefu maji ya ardhini hayajazwi kidogokidogo kila mwaka, hujazwa kwa mikupuo katika misimu michache mikubwa. Si nadharia ya Kusini peke yake. Visima vya Makutupora vinavyolisha Dodoma vina rekodi ya kina cha maji ya zaidi ya miaka 50, na inaonyesha hilohilo: hushuka taratibu kwa miaka, kisha hupanda ghafla baada ya msimu mkubwa kama ule wa El Niño wa 1997/98.

Kwa hiyo mkorosho unakunywa sana, ndiyo. Hutoa maua kuanzia Juni hadi Septemba, katikati ya kiangazi, na maji hayo hayatoki angani. Lakini anayetaka kung'oa miti ili kisima kijae atapata mvua ileile inayochimba mifereji kwenye mteremko wa mchanga usio na majani yanayouvunjia nguvu. Kingo za uwanda upande wa Ruvuma zina makorongo ya kutosha tayari.

Mkorosho

Asante sana. Sasa mvua ikichelewa, Desemba ikawa kavu, visima vinaathirika kiasi gani? Watu huanza kulia mapema.

KipimaMvua

Mkulima ana haki ya kulia. Mwenye kisima asubiri Machi. Rudi kwenye ghala la 100. Kata mvua ya Desemba nusu, ibaki 85. Zote zinanywewa na hewa, ghala linaanza Januari likiwa tupu: Januari 60, Februari 95, Machi zinamwagika 75, Aprili 15. Ziada 90. Umepoteza milimita 85 za mvua lakini ziada imepungua 20 tu.

Sasa acha Desemba kama ilivyokuwa na ukate hizo 85 kwenye Machi, ibaki 125. Februari zimemwagika 15, Machi ghala linashuka hadi 95, Aprili zinamwagika 10. Ziada 25. Umepoteza 85 na ziada imepungua 85, tone kwa tone.

Mvua ya Desemba inaotesha mbegu, mvua ya Machi inajaza kisima. Mtu akikwambia "mwaka huu mvua ni ileile ya mwaka jana", mwulize ilinyesha lini.

Lukuledi_Chini

Naongezea upande wa mafuriko, maana ni daftari lilelile. Mvua kubwa ya Novemba kwenye udongo mkavu huzama. Mvua kubwa mwishoni mwa msimu, ghala likiwa limejaa, haina pa kuingia. Mvua za kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024 zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Ardhi ilikuwa imeshashiba masika nzima. Anayebuni kalvati kwa kuangalia ukubwa wa mvua peke yake, bila kuuliza udongo ulikuwa na unyevu gani siku hiyo, anabuni nusu ya tatizo.

BintiMikindani

Wakuu, mnazungumza bondeni na mlimani, tusaidieni pwani. Mikindani, Msanga Mkuu, Kilwa Masoko, kisima kinaanza na maji matamu, baada ya miaka michache kinakuwa cha chumvi. Mafundi wengi ushauri wao ni mmoja: ongeza kina. Ni sahihi?

KipimaMvua

Dada, ni kinyume kabisa, na naomba ujumbe huu usambazwe.

Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya bahari: lita moja ya bahari ina uzito wa kilo 1.025. Kwa tofauti hiyo, chini ya ardhi ya pwani maji matamu huelea juu ya ya chumvi. Kanuni ya Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani inasema kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba karibu mita 40 chini yake. Inapendeza hadi usome upande wa pili: ukishusha uso wa maji kisimani kwa mita 1 na kukiacha hivyo, mpaka wa chumvi una ruhusa ya kupanda mita 40. Kisima cha mita 25 mahali ambapo maji yako sentimita 60 tu juu ya bahari kina mpaka wa chumvi kwenye mita 24 hivi chini ya usawa wa bahari. Ukiongeza kina unaufuata.

Linalosaidia: kisima kifupi, kipana, kinachochota safu ya juu tu. Pampu ndogo inayotembea saa nyingi badala ya kubwa inayokausha kisima kwa nusu saa. Visima viwili vilivyoachana kuliko kimoja chenye nguvu. Pampu isikae sakafuni. Kisha pima uwezo wa maji kupitisha umeme kila mwezi kwa kipimo kidogo cha mkononi. Ladha ya chumvi hugunduliwa na ulimi kwa kuchelewa, namba huanza kupanda mapema. Mwamba wa matumbawe ni mbaya zaidi kwa sababu una mapango na nyufa, maji ya bahari huingia kama kwa mlango.

Na lile daftari la maji, pwani lina mstari mmoja zaidi: maji matamu yanayotoka chini kwa chini kuingia baharini. Yanaonekana kama hasara. Hayo ndiyo yanayoizuia chumvi isiingie, kwa hiyo usipange kuichota ziada yote.

FundiGata

Kwa nyumba za juu ya uwanda mjadala wa visima hauwasaidii sana. Bati ndilo kidakio (eneo linalokusanya maji ya mvua) cha karibu kuliko vyote, na hesabu yake ni fupi.

Bati la mita 60 za mraba, ukitoa kinachorukia nje na kinachokauka unabaki na asilimia 85: kila milimita inakupa lita 51. Kwa msimu wa mfano wa KipimaMvua ni zaidi ya lita 50,000. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja ni 100 kwa siku, 3,000 kwa mwezi. Bati linatosha na kubaki. Kinachokosekana ni tangi. Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Novemba ni kama siku 180, maana yake lita 18,000. Tangi la 5,000 wanalonunua wengi ni siku 50, linakauka mwanzoni mwa Julai hata kama lilifurika wiki nzima ya Aprili. Na la 18,000 likianza tupu Desemba, huku familia inatumia 3,000 kila mwezi, linajaa mwisho wa Februari. Kwa hiyo halina ukubwa wa kupita kiasi kwa bati hilo.

Sasa makosa. Gata ishuke sentimita 1 kwa kila mita kuelekea bomba, na vishikio visiachane zaidi ya sentimita 60, la sivyo inalegea katikati, maji yanatuama, mbu wanazaliana, na siku ya mvua kali inamwagia ukutani. Mvua ya milimita 100 kwa saa kwenye upande mmoja wa paa, mita 30 za mraba, inaleta lita 50 kwa dakika. Bomba la inchi 2 lenye majani mdomoni halitoshi, weka inchi 3.

Jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya kwingine havilisemi: salfa. Kiangazi kizima mikorosho inapuliziwa salfa dhidi ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe), na vumbi lake linatua juu ya bati pamoja na la barabarani. Kawaida mtu humwaga milimita ya kwanza ya kila mvua, lita 60 kwa bati hilo. Hiyo inatosha Februari. Mvua ya kwanza ya Novemba ondoa bomba tangini kabisa, iache ioshe bati, na ya pili pia kama ya kwanza ilikuwa manyunyu. Kisha safisha tangi kabla hujarudisha bomba.

Mkorosho

Vipi lambo? Vijiji vingi vinaomba kuchimbiwa.

Lukuledi_Chini

Inategemea udongo, kwa mara nyingine. Kwenye mchanga wa uwanda lambo ni chujio. Bila kulaza mfinyanzi na kuushindilia kwa tabaka, au turubai maalumu, halishiki.

Hata lisilovuja linaibiwa na hewa. Jumlisha kiu ya Mei hadi Oktoba kwenye jedwali la juu: 725. Maji wazi hupoteza hata zaidi kidogo. Lambo la kina cha mita 1.5 linapoteza nusu yake bila mtu kuchota ndoo. Kwa hiyo lambo liwe na kina na uso mdogo. Lambo pana la kina kifupi linapendeza Aprili tu.

Kujua kama linavuja, simika mti wenye alama za sentimita ndani yake, soma jua linapozama na soma tena alfajiri, usiku usio na mvua wala upepo mkali, na mifugo wasiingie. Usiku mvukizo ni mdogo sana. Likishuka milimita 8 kati ya jioni na alfajiri, nyingi za hizo zimepitia chini.

Maeneo ya Mbwemkuru na mito mingine inayokauka juu ikabaki mchanga, mchanga wenyewe ni lambo bora kuliko la kuchimba. Maji yakishashuka zaidi ya sentimita 60 hadi mita 1 chini ya uso wa mchanga, jua karibu haliyafikii. Kipande cha mto chenye upana wa mita 20, urefu 500 na mchanga uliolowa wa kina cha mita 1.5 ni mita za ujazo 15,000 za mchanga. Sehemu ya tano hutoka ukichota: mita za ujazo 3,000. Ndiyo maana wanaosomba mchanga wa kujengea kwenye mito hiyo wanasomba na tangi la kijiji.

Mwalimu_Jografia

Shule ikitaka kuanzisha daftari lake la maji, bila fedha za vifaa vya kituo, ianze na nini? Naomba vipimo halisi.

KipimaMvua

Anza na mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka wima linasomwa kwa rula moja kwa moja. Ukitumia faneli juu ya chupa, pima kipenyo cha mdomo wa faneli: cha sentimita 20 kina eneo la sentimita za mraba 314, kwa hiyo milimita 1 ya mvua ni mililita 31.4. Gawanya. Kosa la kawaida ni kusoma kina cha maji kwenye chupa kana kwamba chupa na faneli vina upana mmoja. Mdomo uwe sentimita 30 juu ya ardhi, usawa kabisa, na umbali kutoka mti au ukuta usiwe chini ya mara mbili ya kimo chake. Chini ya mwembe unapima mwembe.

Soma saa 3 asubuhi kila siku. Mvua iliyokutwa saa hiyo nyingi imenyesha jana, kwa hiyo chagueni mara moja kuiandika kwenye jana au leo, msibadilishe katikati ya mwaka. Siku isiyo na mvua andika 0. Nafasi tupu iachwe kwa siku ambayo hakuna aliyesoma. Daftari likichanganya sifuri na nafasi tupu halitengenezeki tena. Likizo ya Desemba ndiyo huua rekodi nyingi za shule, na ndio mwanzo wa msimu. Kama hakuna wa kusoma kila siku, weka chombo kikubwa na matone ya mafuta ya kupikia yafunike maji yasivukize, usome jumla shule ikifunguliwa.

Lukuledi_Chini

Chemchemi: ndoo ya lita 20 na saa. Ikijaa kwa sekunde 50 ni lita 0.4 kwa sekunde, lita 34,560 kwa siku. Rudia mara tatu. Hakikisha maji yote yanaingia ndooni, kwa kukinga na kipande cha bati na udongo.

Kijito: chagua mita 10 zilizonyooka. Nyosha kamba, gawanya upana vipande, pima kina katikati ya kila kipande. Tuseme upana mita 4, vipande vinne, kina 0.20, 0.45, 0.50, 0.25: eneo ni mita za mraba 1.4. Rusha chungwa juu kidogo ya mwanzo lishike mwendo, pima muda. Chungwa ni zuri kwa sababu limezama karibu lote, upepo haulisukumi kama chupa tupu. Sekunde 25 kwa wastani ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, maana uso wa maji hukimbia kuliko chini. 0.34 mara 1.4 ni mita za ujazo 0.476 kwa sekunde, kama 41,100 kwa siku. Kama kidakio ni kilomita za mraba 200, umeondoa milimita 0.2 siku hiyo. Pima Mei na upime Oktoba: maji ya Oktoba hayana mvua ndani yake, yote ni ya ardhini, na ndiyo namba yenye thamani kuliko zote.

Kisima: chagua alama moja kwenye ukingo, ichore kwa rangi. Paka chaki kwenye mita moja ya mwisho ya futi ya chuma yenye uzito mdogo, ishushe hadi izame kidogo, soma kipimo kilicho kwenye alama ya ukingo, ipandishe. Chaki iliyolowa itakuwa imegeuka rangi na mpaka wake umekatika kama wembe. Toa urefu uliolowa kwenye kipimo cha ukingo, hapo una umbali kutoka ukingo hadi kwenye maji. Fanya alfajiri kabla watu hawajaanza kuchota, la sivyo unapima foleni ya ndoo.

KipimaMvua

Na hapo daftari linafunga. Mchanga wenye maji hutoa karibu asilimia 20 ya ujazo wake. Ziada ya milimita 110 ikifika kwenye maji ya ardhini inayapandisha sentimita 55. Shule ikisoma kisima kimepanda sentimita 55 kati ya Januari na Mei, imeipata ziada ya jedwali la juu kwa futi na chaki.

BintiMikindani

Kwa shule za pwani ongezeni kitu kimoja: kisima kilicho karibu na bahari hupanda na kushuka na maji kujaa na kupwa, na wakati wa bamvua (bahari inapojaa na kupwa sana) zaidi kuliko wakati wa maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo). Pimeni siku za maji mafu, saa ileile ya maji kupwa, na muandike hali ya bahari kando ya namba. Vinginevyo sentimita 20 za bahari zitaandikwa kama mvua.